Marehemu Aliyekuwa Akiingia Saa Moja na Dakika Kumi

Jamani, nilimfuta marehemu.

Kwa vidole vyangu hivi hivi! Saa sita mchana, jua linawaka nje, watu wawili wamesimama nyuma ya kiti changu wakitazama.

Na aliyenifikisha pale ni wifi yangu… mke wa kaka yangu wa tumbo moja! Mtu niliyemsuka nywele siku ya harusi yake!

Nisikilizeni taratibu, maana hata mimi jambo hili halijaniisha mwilini.

Mimi ni mtunza hifadhidata wa hospitali. Msicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Majina ya wagonjwa, vipimo, dawa, vitu vinavyowadhuru, vyote vimepangwa kwenye majedwali, na mimi ndiye ninayesema nani aone nini. Daktari anasoma na kuandika. Mapokezi wanaandika jina na namba ya simu, basi. Mpishi wa wodini anaona nani asipewe chumvi, haoni zaidi.

Aliyenifundisha haya yote ni Mzee Kofia.

Tulimpachika jina hilo kwa sababu ya tabia yake. Saa moja na dakika kumi asubuhi, hazidishi hapunguzi, anaingia ofisini, anavua kofia yake ya kahawia, anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ndipo anasalimia. Kofia kwanza, watu baadaye.

Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Mimi akaniita kifungua mimba wake, mbele ya watu, bila aibu. Mkewe nikamwita Mama, akaitika.

"Kifungua mimba," alikuwa akiniambia, "ukitaka kuijua nyumba usihesabu vyumba. Orodhesha wenye funguo."

Kwa hiyo kila Ijumaa tuliorodhesha watumiaji wote wa hifadhidata. Nani yumo, yuko kundi gani, ameruhusiwa nini. Na kila Ijumaa tuligombana juu ya kitu kimoja.

"Umeweka alama ya kujumlisha mwisho wa amri?"

"Ya nini, Mzee? Majina si nayaona?"

"Usipoiweka huioni safu ya mwisho. Safu ya maelezo."

"Safu yenyewe tupu! Nani ana muda wa kuandika maelezo?"

"Orodha bila jumlisha ni nusu ya orodha, mwanangu."

Akisimama nyuma yangu, naiweka. Akienda kunywa chai, naiacha. Ndivyo nilivyokuwa, sikufichi msomaji wangu.

Halafu kuna kazi yangu ya usafi, programu ndogo ya kusafisha hifadhidata. Hiyo niliiandika peke yangu, ya kwanza kabisa bila msaada wa Mzee. Ilikuwa inajiendesha yenyewe kila siku saa moja kamili asubuhi, inapita kwenye orodha ya maonyo ya wagonjwa, yaani vile vitu vinavyowadhuru, ikikuta jambo limeandikwa mara mbili inafuta moja. Bosi alinisimamisha kwenye mkutano watu wakapiga makofi. Mzee Kofia alipiga makofi mpaka nikaona haya. Wiki nzima nilitembea kama niliyezaa pacha.

Wiki chache baadaye, ikiwa imebaki miezi miwili astaafu, Ijumaa moja Mzee aliondoka ofisini bila kofia. Miaka yote hiyo hakuwahi kuisahau! Nilikimbia nayo mpaka getini, sikumkuta.

Nikairudisha kwenye msumari. Jumatatu si atakuja?

Jumapili alifariki akiwa anafunga kamba za viatu.

*

Utaratibu unasema mtu akiondoka, ruhusa zake ziondolewe siku hiyo hiyo.

Mimi nilivuta wiki mbili. Siku niliyojikaza nilimvua ruhusa moja moja, huku machozi yananitoka. Kusoma… ondoa. Kuandika… ondoa. Kufuta… ondoa. Mwisho nikaomba mfumo unionyeshe ruhusa zilizobaki kwa jina lake. Hakuna hata moja. Nikasaini karatasi: hana kitu.

Ila jina lenyewe nikaliacha. Roho haikunipa kulifuta. Na kila Ijumaa, nikiorodhesha, nikifika kwenye mstari wake naruka macho kama mtu anayepita makaburini.

Kofia nayo nikaiacha msumarini.

Miezi minane ikapita.

Jumatatu moja naitwa ofisini kwa Bosi. Naingia, namkuta wifi yangu ameketi pale na faili mapajani. Wifi ni mkaguzi wa mifumo hapo hapo hospitalini. Jana yake tu tulikuwa kwa kaka, tumecheka, tumekula sahani moja. Hakunidokeza neno!

"Wifi, kuna nini?"

Hakunitazama.

"Soma," akaniambia, akasukuma karatasi.

Ilikuwa orodha ya watumiaji. Amepitisha kalamu nyekundu kwenye mstari mmoja.

*kofia. Anaruhusiwa kuingia. Kundi: wakuu.*

"Ulisaini kwamba hana kitu," Bosi akasema.

"Hana! Nilimvua zote, moja moja!"

"Ulimvua alizopewa yeye kwa jina lake," wifi akasema. "Za kundi je? Kundi la wakuu lina ruhusa zote, na yeye bado yumo. Umemnyang'anya mtu ufunguo wake ukasahau kwamba ni mtu wa nyumba ile. Akigonga, anafunguliwa."

 Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Nililifanya kwa sababu nilikuwa nalia, lakini karatasi haijui kilio.

"Sawa, nimekosea," nikasema. "Lakini mtu mwenyewe amekufa. Kuna madhara gani?"

Wifi akatoa karatasi ya pili.

Jamani…

Ilikuwa kumbukumbu ya walioingia kwenye hifadhidata. Jana: kofia, saa moja na dakika kumi asubuhi. Juzi: kofia, saa moja na dakika kumi. Nikafunua. Wiki iliyopita, mwezi uliopita, Jumapili, sikukuu… saa moja na dakika kumi, saa moja na dakika kumi, saa moja na dakika kumi.

Mpaka siku tuliyomzika. Asubuhi ile watu wamekaa msibani, yeye ameingia kazini.

Kwenye kila ukurasa, mstari wa juu yake ulikuwa wa kazi yangu ya usafi, saa moja kamili. Niliuona. Sikuujali, ule ulikuwa wangu.

"Anafanya nini akiingia?" nikauliza.

"Anaandika kwenye maonyo ya wagonjwa," wifi akasema. "Maonyo, wifi! Jedwali ambalo likiguswa vibaya mtu anakufa. Sasa tuambie. Nani anaijua nywila yake?"

"Yeye mwenyewe."

"Na kati ya walio hai?"

 Nilikuwa siijui, lakini nani angeamini? Ofisi ile tulikuwa wawili tu.

"Mpaka saa sita mchana jina hilo lisiwepo," Bosi akasema. "Lisipofutika, wewe ndiye utakayefutika."

"Bosi, nipe siku moja. Nijue kwanza anafanya nini humo."

Wifi akacheka kicheko kifupi.

"Mwizi yuko ndani, wewe unataka kumuuliza anatafuta nini?"

*

Saa sita kasoro nikaketi. Bosi kulia, wifi kushoto. Nikaandika amri ya kumfuta, nikabonyeza.

Mfumo ukakataa.

*Mtumiaji kofia hawezi kufutwa. Kuna vitu vinavyomtegemea.*

Mnajua ninyi, maneno hayo nimeyaona mara mia kwa watumiaji wengine. Ni maneno ya mashine, yanamaanisha mtu ana majedwali au kazi zilizoandikwa kwa jina lake. Lakini siku ile niliyasoma mara tatu.

"Wifi… kuna vitu vinavyomtegemea."

"Vya marehemu vinamtegemea nani? Lazimisha."

"Ngoja hata niviangalie…"

"Lazimisha!" Bosi akasema.

Nikalazimisha. Vitu vyake vyote vikafutwa, kisha yeye. Kitu cha sekunde mbili.

"Umeona?" wifi akasema, sasa kwa upole. "Imekwisha. Wifi, mimi sikuchukii. Kazi ni kazi."

Akafungua mlango kutoka, na kofia ikaanguka sakafuni.

Mlango uligonga ukuta, ndiyo sababu. Najua ndiyo sababu. Lakini niliiokota kwa mikono miwili, nikaipangusa, nikairudisha.

Kesho yake niliwahi. Saa moja kamili kazi yangu ya usafi ikapita kama kawaida. Nikakaa natazama skrini kama anayesubiri mgeni.

Saa moja na dakika tisa…

Saa moja na dakika kumi.

Kimya!

Hakuja. Na mimi, mjinga mimi, nikashusha pumzi. Nikasema, pumzika sasa, Mzee wangu.

*

Saa tatu na nusu simu ya mezani ikalia. Sista wa chumba cha sindano.

"Dada, shuka upesi! Kuna mgonjwa kadi yake inatuchanganya. Amechomwa sindano, hali imebadilika!"

"Mgonjwa gani?"

"Mama mtu mzima. Anasema wewe ni binti yake."

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nimefika, nikamwona Mama, mjane wa Mzee Kofia, amelala midomo imevimba, shingo ina mabaka, anavuta hewa kwa sauti ya filimbi. Daktari anapiga kelele aletewe dawa. Kiatu kimoja kimemtoka. Mguu ule alikuwa na kidonda, ndicho kilichomleta.

"Mmempa nini?" nikapiga kelele.

"Penisilini."

"Penisilini inamdhuru! Mbona imeandikwa!"

Sista machozi yanamtoka. "Dada, nilimuuliza! Nilimuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Akaniambia yamo yote humo kwenye kompyuta, mume wangu aliyaandika mwenyewe, soma tu mwanangu. Nikasoma. Limeandikwa onyo moja tu, la salfa!"

Nikatazama skrini yake. Kweli. Salfa peke yake.

Onyo la penisilini lilikuwa limefutwa.

Nikaomba mfumo uniambie: lini, na nani?

Leo. Saa moja kamili asubuhi. Aliyefuta… kazi ya usafi.

Kazi YANGU.

Nikarudi nyuma siku moja. Jana, saa moja kamili, onyo la penisilini la Mama limefutwa na kazi yangu. Jana, saa moja na dakika kumi, limerudishwa na kofia. Juzi, limefutwa na kazi yangu. Juzi, limerudishwa na kofia.

Nikafunua, nikafunua… Miezi yote. Kila siku ya Mungu natangulia kubomoa, na baada ya dakika kumi anakuja mtu nyuma yangu kujenga.

Na jana mchana nilikuwa nimemfuta.

Nikaketi chini pale pale sakafuni kwenye chumba cha sindano.

*

Mama hakufa. Naliandika mapema ili nanyi mpumue. Daktari yule alipambana naye, na ilipofika saa tano ile filimbi ya kifuani ilikuwa imetulia.

Sista akaniambia asingefika jioni kama dawa ingechelewa dakika mbili zaidi.

Nilipanda ofisini. Kitu cha kwanza, nikaizima kazi yangu ya usafi. Cha pili, nikatoa nakala ya akiba ya juzi, tunayoitunza kwa ajili ya majanga, nikaifungua kwenye mashine ya pembeni ili nimwone alivyokuwa kabla sijamfuta.

Wifi akaingia. Habari zilishamfikia. Akavuta kiti, akaketi karibu yangu.

Nikaandika amri ya kuorodhesha watumiaji. Kidole kikasimama.

Nikaweka alama ya kujumlisha.

Nikabonyeza.

Orodha ikaja na safu yake ya mwisho. Majina yote, safu ile tupu… isipokuwa mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wake.

*"Kifungua mimba, usinifute kabla hujasoma. Kazi yako ya saa moja ina kosa. Mgonjwa akiandikiwa maonyo mawili siku moja, inadhani ni jambo moja limeandikwa mara mbili, inafuta la pili. Nimeligundua kwa mama yako. Wako watu mia mbili na kumi na wawili. Nimeandika kazi yangu, inajiendesha, inayarudisha dakika kumi baada ya yako. Nilitaka kukuambia mdomoni, nikakumbuka ulivyofurahi siku ya makofi, nikakuonea haya. Nisamehe kwa hilo. Rekebisha, kisha unifute. Ijumaa ukiorodhesha utaniona."*

Ijumaa ukiorodhesha utaniona!

Alijua nitaorodhesha. Si ndiye aliyenifundisha? Alichagua mahali pekee ambapo aliamini lazima nipite. Na nilipita, wasomaji wangu. Miezi minane, Ijumaa kwa Ijumaa, nimepita juu ya sauti yake nikiwa nimefumba macho, kwa sababu nilikuwa mvivu wa alama moja na mwoga wa jina moja.

Wifi alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga ya mabegani.

"Hata mimi," akasema. "Hata mimi niliorodhesha bila jumlisha."

 Nilikuwa nalia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia msibani.

Siku ile ile niliandika barua kwa mkono, nikampelekea Bosi. Nikaeleza kwamba marehemu hana hatia, kosa ni langu tangu mwanzo. Alinisimamisha miezi miwili, funguo zote akapewa wifi. Haki yake. Kabla sijatoka getini, tulirudisha maonyo ya wale watu mia mbili na kumi na wawili, mimi nasoma, wifi anahakikisha, jina kwa jina.

Jioni nikaenda wodini kumweleza Mama. Nilipiga magoti.

"Mama, ni mimi. Kazi yangu ndiyo iliyokufutia onyo. Na mume wako alikuwa anakulinda, nikamtoa."

Alinitazama sana. Midomo bado imevimba, kwa hiyo alisema polepole.

"Alikuwa hapati usingizi wiki ile. Nikamuuliza, una nini? Akasema, mtoto amekosea, nimemwandikia tu, ninaogopa kumvunja moyo. Nikamwambia, baba, mtoto haambiwi kwa barua, mwite umwambie. Akasema Jumatatu nitamwambia."

Akanishika mkono.

"Jumatatu yenyewe hakuifikia. Inuka, mwanangu. Mwenye deni la kusema hakuwa wewe peke yako."

*

Leo nimerudi kazini. Kofia iko msumarini. Kwenye hifadhidata nimemtengeneza upya: kofia, haruhusiwi kuingia, hana kundi, hana ruhusa hata moja, za jina lake wala za kundi. Nimehakikisha mara saba. Yupo kwenye orodha tu, na maelezo yake yamo.

Saa moja na dakika kumi ikifika, bado nageuka kutazama mlango. Sijui nitaacha lini.

Mniulize sasa: wewe dada, umesema mistari ilikuwa miwili. Wa pili ulikuwa wa nani?

Ulikuwa wangu. Jina langu mwenyewe, ambalo nimeliorodhesha miaka yote bila kulifikisha mwisho. Mzee aliandika hivi kwenye safu ya maelezo:

*"Huyu ni mwanangu. Atakayemkuta na kosa, amwambie mapema kuliko nilivyofanya mimi."*

Ndugu yangu unayesoma, yuko mtu unayempenda na unaliona kosa lake, unamfuata nyuma kimya kimya ukilifukia. Mwambie leo, mkiwa mnatazamana. Usingoje Jumatatu.

Na wewe uliyeachiwa orodha na mtu aliyekufundisha, isome mpaka safu ya mwisho.